Jina Selly Oak, Birmingham: Selly ni nani?

Mchorachora: Wakuu, naandika historia ya mtaa wa Selly Oak, jijini Birmingham, Uingereza. Oak najua ni mwaloni. Selly je, ni jina la mwanamke, Sally?

Ramani_Kongwe: Hapana mkuu, hilo la Sally limezushwa baadaye. Usianzie tahajia ya leo, anza na ya zamani kuliko zote. Sensa ya ardhi ya 1086 inaandika Escelie. Iondoe E ya mwanzo: makarani Wanormani walizoea Kifaransa, ambacho huongeza e mbele ya s iliyofuatwa na konsonanti. Kinachobaki ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale: scelf, yaani kilima chenye bapa kama rafu, na leah, palipofyekwa msituni.

Mchorachora: Na mwaloni?

Ramani_Kongwe: Huo ulikuwepo kweli, kwenye njia panda ya Oak Tree Lane. Ulikatwa 1909, gogo likahamishiwa Selly Oak Park.

Shina: Angalizo muhimu: kwenye sensa ile ya 1086, mtafute Selly Oak chini ya kaunti ya Worcestershire. Eneo hili liliingizwa Birmingham 1911 tu, wengi hutafuta kaunti ya Warwickshire wakakosa. Na ukipata jina la jirani linaloishia na -ley (ndiyo leah hiyohiyo), lipime vilevile. Moseley iliandikwa Museleie, uwazi wa panya! Lakini mtaa jirani wa Bournville usiusake kwenye sensa hiyo. Ni jina la kubuniwa, kijito Bourn na ville ya Kifaransa, baada ya kiwanda cha chokoleti cha Cadbury kuhamia pale 1879.