Nyanya za uani Tabora: chotara au Tanya ya kukamua mwenyewe?

MamaIsevya
Mwangaluka, wanabustani. Nina matuta matatu nyuma ya nyumba hapa Isevya, kichanga kitupu. Miaka yote napanda nyanya aina ya Tanya, mbegu nakamua mwenyewe, lakini kila msimu mazao yanapungua. Mwaka jana jirani alipanda Anna F1, nyanya chotara. Mimi nimeshang'oa miche yangu, yeye bado anachuma. Pakiti yake ni ghali, ndiyo maana nasita. Nataka kusia mwishoni mwa Machi ili mvua zikiisha nihamishe. Nichukue chotara?

Kichanga_Ngambo
Chukua, dada, ila ujue unachonunua. Tanya ni fupi, matunda yanakuja kwa mkupuo kisha basi. Anna ni ndefu, inazaa huku inapanda, kwa hiyo inadai fito, kamba na kutoa machipukizi ya makwapani kila wiki. Ukiiacha bila kuifunga, inalala chini na matunda yanaoza. Kwa eneo dogo mimi naona inalipa: miche 20 inayopanda juu inalisha nyumba kwa miezi. Na usimwage mbegu kwenye kitalu kama mchicha. Sia moja moja kwenye vikopo vyenye mboji, kina cha sentimita moja. Zinaota ndani ya wiki hivi, na ikifika wiki ya nne unahamisha.

Muha_wa_Kasulu
Mwakeye. Mimi chotara imenifunza. Nilikamua mbegu kwenye nyanya za F1 zilizonipendeza, nikasia tena. Zikaota vizuri, lakini hakuna mche uliofanana na mwenzake: huu mrefu, huu mfupi, mwingine matunda kama ya nyanya pori. F1 ni uzao wa kwanza wa wazazi wawili tofauti, na tabia zao zinatawanyika uzao unaofuata. Kwa hiyo kila msimu unarudi dukani. Tanya au Tengeru 97, ambazo si chotara, unakamua, unachachusha siku mbili tatu, unaosha, unaanika kivulini, umemaliza. Halafu kantangaze, yule mdudu wa nyanya, haiulizi kama umepanda chotara. Mwaka ule ilitafuna zote.

BwanaShambaMstaafu
Mama, kabla ya mbegu nikuulize: ulipong'oa Tanya zako, mizizi ilikuwaje? Na uani hapo zamani palilimwa nini?

MamaIsevya
Shikamoo, mzee. Mizizi ilikuwa na vinundu, nikadhani ni kawaida. Marehemu baba alikuwa anaweka vitalu vya tumbaku papo hapo.

BwanaShambaMstaafu
Marahaba. Basi hiyo ndiyo habari yenyewe. Vinundu hivyo ni kazi ya minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyoshambulia mizizi. Wanapenda kichanga, wanapenda tumbaku, na nyanya ni ndugu wa tumbaku. Wewe umewalisha kila mwaka. Shida haikuwa Tanya.

Ukienda duka la pembejeo, soma pakiti usichukue jina tu. Herufi V na F ni kinga ya aina mbili za mnyauko, N ni ya minyoo fundo. Chotara isiyo na N haitakusaidia hapo. Na hata yenye N, kinga hulegea udongo ukipita nyuzi joto 28 hivi, na Septemba yetu mnaijua. Weka matandazo mazito ya majani makavu, samadi iliyoiva kwa wingi, na usipande nyanya, bilinganya wala pilipili kwenye tuta hilo hilo mfululizo. Anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, maana virusi vya batobato vya tumbaku vinapita mkononi.

Muha_wa_Kasulu
Hapo nimekubali, mzee. Udongo wangu ni mwekundu, vinundu sijawahi kuviona.

MamaIsevya
Asanteni sana, nimepata kitu. Nitachangia pakiti moja yenye N na jirani, niweke tuta moja tu. Mawili napanda mahindi msimu huu. Tanya nitaijaribu kwenye mifuko ya udongo niliotoa mbali na uani. Mzee, mifuko ya kilo 50 inatosha mche mmoja au miwili?

BwanaShambaMstaafu
Mmoja, mama. Na toboa chini.