MJADALA: "Kwa Bongo, inatosha." Mhakiki anatusaidia au anatudharau?

Wadau wa filamu wa Arusha, Moshi na kwingineko, salaam.

Kuna jambo limenikwama kooni tangu Jumamosi. Tunaye mhakiki wa filamu hapa Kaskazini, wengi wenu mnamsikiliza redioni. Kila wiki anapitia filamu tatu au nne mpya na kuzipa alama kati ya kumi. Jina lake naliacha, maana sina ugomvi naye, na amewafundisha vijana wengi kuangalia filamu kwa makini.

Jumamosi alianza na Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka 2025. Akaipa tisa. Alieleza kwa dakika kama ishirini: namna Michael B. Jordan alivyocheza mapacha wawili, Smoke na Stack, mpaka unasahau kuwa ni mtu mmoja. Kwa nini Mississippi ya 1932 inabeba vizuri hadithi ya wanyonya damu. Na kile kipande ambacho kijana anapiga gitaa na kuimba, ukumbi ukajaa watu wa kale pamoja na watu ambao hawajazaliwa, wote wanacheza sakafu moja. Alikieleza vizuri hivi kwamba mama yangu, ambaye hajawahi kuangalia filamu ya kutisha, aliuliza kama hao waliokuja ni wahenga wa yule kijana. Chai yangu ilipoa.

Kisha akaja kwenye filamu yetu, iliyopigwa mkoani humu humu. Dakika tatu. Picha nzuri, waigizaji wamejitahidi, hadithi inaeleweka. Sita. Akafunga kwa kusema: "Kwa Bongo, inatosha."

Swali ninaloleta mezani ni hili: mhakiki apime filamu zetu kwa kipimo kilekile anachopimia za nje, au awe na kipimo cha nyumbani? Mimi nasema kipimo kiwe kimoja. Pale soko la Kilombero maharage ya Babati na maharage ya Arumeru yanapimwa kwa debe moja. Ukimtengenezea jirani yako debe dogo ili lake lionekane limejaa, hujampa maharage.

Mjue naongea nikiwa wapi. Mimi ni mtu wa sauti, nashika ile fimbo ndefu ya maiki juu ya vichwa vya waigizaji. Miaka michache iliyopita nilifanya kazi kwenye filamu moja maeneo ya Usa River, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba. Upepo wa jioni ukipita, majani ya mgomba yanavuma kama mvua juu ya bati, na bodaboda nazo hazikomi. Tulikuwa na kipande cha binti anayemwambia mama yake kwamba hataolewa na mtu aliyechaguliwa. Hapo ndipo roho ya filamu nzima ilipo. Nilivaa hedifoni, nikasikia migomba kuliko binti. Nikamwomba mwongozaji turudie, au usiku tuwaingize chumbani tuchukue sauti peke yake, kazi ya saa mbili. Akasema jenereta inakula mafuta na watazamaji hawatajali. Kwenye kuhariri wakamwaga kinanda juu ya kipande chote ili kufunika kelele. Kwa hiyo mkisikia muziki wa Bongo movie umemeza maneno ya waigizaji, msidhani kila mara ni mtu kapenda muziki. Chini yake huenda kuna migomba.

Filamu ikatoka. Wahakiki wote niliowasikia wakasema vijana wamejitahidi. Yule mwongozaji amefanya filamu mbili baada ya hapo na sauti ni ileile. Angebadilika kwa sababu gani? Mimi nilimwambia, lakini mimi ni kijana wa maiki.

Ndiyo maana hiyo sita hainiumi. Kinachoniuma ni dakika tatu. Filamu ya Marekani ilipewa dakika ishirini za sababu, ya kwetu ikapewa dakika tatu za huruma, na huruma haina kitu ambacho mtengeneza filamu anaweza kukifanyia kazi kesho asubuhi. Namba peke yake haisemi lolote. Wengi mkiona Rotten Tomatoes, ile tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, imeandika asilimia 90 mnadhani filamu imepata 90 kwa 100. Sivyo. Ile ni sehemu ya wahakiki walioipenda, hata kama kila mmoja ameipenda kidogo tu, na ikifika 60 inahesabiwa imefaulu. Ukitaka kujua filamu yenyewe ikoje, lazima usome walichoandika. Sisi tumechukua namba, yale maandishi tukayaacha.

Halafu tusisahau kwamba ardhi hii iliwahi kupimwa kwa debe kubwa. Mwongozaji Howard Hawks wa Marekani alikuja Arusha na mwigizaji John Wayne wakapiga Hatari!, ikatoka 1962, jina la Kiswahili kabisa. Upigaji picha wake uliteuliwa kuwania Oscar. Wanyama walikuwa wa hapa, vumbi la hapa, na lile jua la asubuhi linaloupiga Meru usoni ukiwa upande wa Momella mpaka leo halina kiingilio. Na wa kwetu wenyewe wamekwisha kupita kwenye kipimo hicho. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa tamasha la Toronto 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, filamu yetu ya pili kupelekwa baada ya Maangamizi ya 2001. Haikuteuliwa. Lakini iliangaliwa kama filamu, ikabishaniwa kama filamu. Nani aliumia?

Nipingeni.

*

Mchangiaji, Majengo, Moshi:

Kaka, umesema kwa uchungu lakini hesabu umeiruka. Sinners imekula makumi ya mamilioni ya dola. Mimi nimeigiza filamu tatu, moja tuliimaliza kwa siku saba, kamera ya kuazima, chakula wali maharage, na msichana wa mapambo ndiye huyo huyo aliyekuwa anashika taa. Unataka tuwekwe meza moja na Coogler? Na hata wakubwa wa kazi hiyo hawafanyi unavyotaka. Roger Ebert wa Chicago, mhakiki wa filamu wa kwanza kupata tuzo ya uandishi ya Pulitzer, 1975, alieleza mwenyewe kwamba nyota zake ni za kulinganisha: filamu ya mashujaa wa katuni anailinganisha na za mashujaa wa katuni, hailinganishi na tamthilia nzito. Sasa huyo mhakiki wetu kakosea nini akisema "kwa Bongo"? Tena soko lenyewe linapumua kwa shida. Mtu akisikia redioni kwamba filamu ni mbovu hatoi hata bando lake.

*

Mleta mada:

Kaka wa Majengo, hoja ya Ebert umeileta kwa haki na ni nzito. Lakini tazama alilinganisha nini na nini. Alilinganisha aina na aina. Filamu ya ngumi ipimwe na za ngumi, ya mapenzi na za mapenzi, hapo niko naye. Bongo si aina ya filamu. Bongo ni mahali. Filamu ya mama na binti iliyopigwa Usa River ndugu zake ni filamu za mama na binti popote zilipopigwa, na hizo nyingi zina watu wawili, chumba kimoja na dirisha.

Kuhusu fedha, nakubali nusu. Fedha inanunua umati, magari ya 1932, kamera nzito na mwezi mzima wa kuhariri. Mhakiki akiniambia filamu yetu haina hayo, ananionea. Lakini hadithi moja kukatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili ili watu walipe mara mbili, fedha inahusikaje? Geti linafunguliwa, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea hadi sebuleni, dakika nne, hakuna neno. Kukata hayo ni bure. Ningependa mhakiki atenganishe: hili limetokana na mfuko, hili limetokana na uvivu. Akifanya hivyo hata wewe uliyekaa siku saba kwa wali maharage utapata heshima yako, maana atakayekusikia atajua ulifanya nini kwa ulichokuwa nacho.

La soko sina jibu zuri. Najua nyumba zinazolishwa na kazi hii, yangu ikiwemo. Ila nimeona pia mtu aliyedanganywa mara mbili kwa "wamejitahidi", mara ya tatu hanunui filamu ya Mtanzania yeyote.

*

Mchangiaji, Ngarenaro, Arusha:

Mimi ni dada mwenye kibanda umiza, kibanda cha kuonyesha muvi kwa kiingilio, naomba niseme kidogo maana wote mnaongea kama wateja wangu hawapo. Hiyo Sinners waliyoiona kwangu si aliyoiona mhakiki. Yeye kaiona kwa Kiingereza, ukumbini kule Njiro nadhani. Kwangu imekuja imetafsiriwa, DJ anaongea juu ya picha, anaeleza huyu ni nani na anataka nini, anaongeza na ya kwake. Hii ni kazi ya watu tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi aliyevuma, watu wanachagua muvi kwa sauti ya anayetafsiri. Kile kipande cha wahenga, DJ alinyamaza kabisa, akaacha ngoma ipige. Kibanda kizima kikanyamaza naye. Huyo naye mbona hapewi alama?

Na kuhusu vipimo viwili: wateja wangu hawana. Ikichosha, iwe ya Marekani au ya Sinza, wanapiga mluzi na kusema weka ingine. Sauti ikiwa mbaya wanapiga mluzi mapema zaidi, kwa sababu ya kwetu haina DJ wa kuokoa maneno.

*

Mleta mada:

Dada wa Ngarenaro, hapo mwisho umesema kitu ambacho sikuwa nimekiona na nimekaa nacho tangu jana. Filamu ya nje ikiwa na sauti ya shida, DJ anaibeba. Ya Kiswahili inasimama yenyewe, kwa hiyo sisi ndio tunaohitaji sauti safi kuliko wote. Na huyo DJ aliyenyamaza pale penye ngoma anastahili kuhakikiwa kama mwigizaji. Naomba mhakiki wetu alichukue hili.

Nina ombi. Jumapili alasiri, watu wakishatoka ibadani, nitakuja kwako na ile filamu iliyopewa dakika tatu. Kiingilio cha watu ishirini wa kwanza nalipa mimi. Uiweke bila kuitangaza. Nitakaa nyuma na daftari, kila mluzi nitaandika dakika na sekunde, kisha nirudi hapa niweke orodha nzima. Kaka wa Majengo, nauli ya Moshi hadi Arusha si kubwa, njoo ukae upande wa pili uandike penye kimya.