Mjadala: Anayefundisha watu wazima sanaa, cheti kwanza au mikono kwanza?

Mchora Kibao (mleta mada), Dar es Salaam

Wadau, salaam. Jambo hili linasemwa sana pembeni, hadharani kidogo, ndiyo maana nalileta.

Kozi za sanaa za watu wazima zimeenea mijini kwetu. Kuchora Jumamosi asubuhi, ufinyanzi baada ya kazi, gitaa, udi, khati (sanaa ya mwandiko wa Kiarabu), upigaji picha, kuchonga. Wanaojiunga ni wahasibu, wauguzi, madereva, wastaafu, kina mama ambao watoto wameshakua. Wanaowafundisha nao wametoka kila upande. Mmoja maisha yake yote alikuwa akiandika mabango ya maduka. Mwingine ni msanifu majengo. Mwingine ni maalimu wa madrasa aliyezoea kalamu ya mwanzi na wino. Mwingine ana shahada ya sanaa ya Mlimani au Makerere. Sasa kuna sauti zinazosema mchanganyiko huu ni fujo: anayefundisha kwa malipo awe na cheti cha fani hiyo, asiye nacho akae benchi.

Mimi napinga, na naanza na mtu anayejulikana na kila mmoja hapa. Edward Saidi Tingatinga hakusomea uchoraji popote. Alianza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa, zile zile za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi, na picha zikauzwa Oysterbay pale Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Hesabuni hiyo miaka: michache mno. Lakini ndani yake alikuwa amewafundisha kina January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo na Simon Mpata. Hawakuwa watoto wa shule wale, walikuwa watu wenye kuhangaikia riziki. Mwaka 1990 waliofuata nyayo wakasajili ushirika. Nitajieni mhitimu wa sanaa wa Afrika Mashariki aliyeacha wanafunzi wa kiwango hicho kwa muda mfupi namna hiyo.

Na Hukwe Zawose je? Muziki aliutoa nyumbani Ugogoni, ala za zeze na ilimba, akaja kuufundisha kwenye chuo cha sanaa Bagamoyo. Kwa vigezo vinavyopendekezwa leo angeishia getini kwa mlinzi. Na nikisema mlinzi simdharau, maana George Lilanga aliingia Nyumba ya Sanaa, kile kituo cha wasanii cha Dar, kama mlinzi, akatoka ni msanii anayejulikana duniani.

Karibuni. Matusi hapana.

Mkaguzi Mstaafu

Ndugu mleta mada, umeturushia majina makubwa ili tuone aibu kubisha. Mimi nabisha.

Kwanza, kina Tingatinga na Zawose ni watu wa kipekee. Kanuni haitungwi kwa ajili ya mtu wa kipekee, inatungwa kwa ajili ya yule wa kawaida anayebandika tangazo kwenye nguzo ya umeme: "Jifunze kuchora, wiki sita, uhakika." Mtoto akifundishwa vibaya, ana mzazi na ana mkaguzi wa shule. Mtu mzima ametoa pesa yake mfukoni, na akifundishwa vibaya hasemi. Anajiona yeye ndiye mjinga, anaacha kimya kimya. Nimewaona wengi.

Pili, na hili hamlizungumzi kabisa: usalama. Nimewahi kuingia darasa la uchoraji madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua, watu zaidi ya kumi wanavuta harufu ya tina ya kuyeyushia rangi na rangi za mafuta jioni nzima. Nikamuuliza mwalimu, akanijibu yeye ameivuta miaka yote na hajafa. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na linasumbua kifua. Baadhi ya dawa za kung'arisha vyombo vya udongo zina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mwanafunzi anakwenda kunywea chai kikombe alichokitengeneza mwenyewe. Aliyepita chuo amefundishwa haya, angalau aliyasikia siku moja.

Tatu, usisahau wasomi wako. Sam Ntiro alisoma Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade, London, akarudi kufundisha Makerere, kisha nchi ikamtuma London kuwa balozi wake baada ya uhuru. Darasa halikumwondolea uchoraji.

Binti wa Malindi, Unguja

Jamani, mnazungumza kama kwamba sanaa zote zina chuo. Njooni kwetu Unguja tuzungumze qanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu.

Qanuni ina nyuzi zaidi ya sabini. Maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, yana sauti ambazo kwenye piano hazipo, zimekaa katikati ya kitufe na kitufe. Mtu ana shahada nzuri tu ya muziki, anasoma noti vizuri sana, akifika kwenye maqam Rast anaipiga ikawa kama wimbo wa kanisani. Si kosa lake, sikio lake halikulelewa humo. Mzee aliyekaa kwenye vikundi vya taarabu tangu ujana anakurekebisha kwa kukunja uso tu. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kilichoanzishwa hapa Mji Mkongwe mwaka 2002 kilijengwa juu ya hilo: wazee wa taarabu na ngoma wakae nyumba moja na vijana wanaoandika noti. Wakavumiliana.

Halafu Siti binti Saad nani alimfundisha? Alizaliwa Fumba, kwa wafinyanzi, akauza vyungu. Alipohamia mjini alikuwa mtu mzima tayari, na mjini ndiko akafunzwa kuimba na mpiga ala wa kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa. Mwaka 1928 yuko Bombay anarekodi santuri. Basi na yeye alikuwa mwanafunzi wa kozi ya watu wazima, ila haikuwa na fomu ya kujiunga.

Kwa usalama, mzee mkaguzi, hapo nakubaliana nawe, shikamoo. Lakini kufungua dirisha hakuhitaji diploma.

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kufungua hakuhitaji. Kujua kwa nini ufungue, kunahitaji.

Fundi wa Mwenge

Mimi ni mchongaji. Nilianza kwa mjomba, kushika tezo kabla ya kushika kalamu. Kuna chuo kimoja kiliniita nifundishe watu wazima jioni. Sikitaji.

Pale palikuwa na kijana mwenye stashahada. Somo moja, wanafunzi wale wale, saa zile zile. Yeye alilipwa kwa saa karibu mara mbili yangu. Patasi zake nilikuwa namnolea mimi. Wanafunzi wakikwama kwenye fundo la mti walikuwa wanaletwa kwangu. Nikauliza, nikaambiwa "mfumo hauruhusu". Nikaacha.

Kwa hiyo mnapojadili cheti msiseme mnajadili ubora. Mnajadili nani alipwe.

Muuguzi wa Zamu

Nawasoma tu tangu mwanzo, acha niingie, maana wote mnaosema ni walimu na mimi ndiye ninayelipa ada.

Nimejifunza kuchora kwa watu wawili tofauti kabisa. Wa kwanza alikuwa mwandika mabango. Siku ya kwanza tu alinikataza kuchora kwa kifundo cha mkono. "Mstari mrefu unatoka begani," akaniwekea fimbo ya kuegemezea mkono, na kweli mstari ukanyooka. Furaha yake hamuijui. Lakini nikimuuliza rangi, kwa nini kijani changu kinapiga kelele hivi, ananijibu "changanya mpaka ikubali." Ikubali nini? Nilimaliza makopo. Nikija nimetoka zamu ya usiku, macho yanafumba, sina nguvu ya kusubiri rangi ikubali.

Wa pili ana shahada. Huyo kijani alinipa jibu kwa sekunde: tia tone la nyekundu, kitatulia. Kikatulia. Lakini kabla ya kufika kwenye kijani alitupitisha kwenye historia ya uchoraji wa Ulaya, tukiwa na daftari, mpaka wenzangu wawili wakaacha. Walikuja kushika brashi. Mmoja ni dereva wa daladala, amepangisha gari kwa mwenzake jioni ile ili aje, unamsomesha makanisa ya Italia!

Nikiambiwa nichague mmoja kati yao, sichagui. Lakini ningependa mtu awaambie wote wawili kwamba mtu mzima anaona haya. Mtoto akikosea anacheka. Mimi nikikosea mbele ya vijana wa miaka ishirini natamani sakafu ipasuke. Yupi kati yao alilijua hilo? Hakuna. Yule wa mabango alinionyesha kosa langu mbele ya darasa, yule wa shahada alilipiga picha ili alitumie kama mfano.

Jirani wa Nairobi

Huku kwetu mambo ni yale yale. Nitaongeza moja tu, kwamba mpaka kati ya msanii na mtu wa taaluma nyingine si mgumu kama mnavyouchora. Gado, yule mchora katuni mnayemjua, alikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo hapo kwenu Dar kabla ya kuja kwenye gazeti la *Nation* mwaka 1992. Elimo Njau, Mtanganyika wa Kilimanjaro, alitoka Makerere na karatasi zake zote, lakini Paa ya Paa, nyumba ya sanaa aliyoianzisha Nairobi katikati ya miaka ya 1960 iliwapokea wenye karatasi na wasio nazo. Kwa hiyo yule msanifu majengo wa mleta mada, mimi ningemlipia ada bila wasiwasi. Mtu aliyezoea kuona nyumba kabla haijajengwa ana cha kunifundisha kuhusu umbali na kivuli.

Mwanasheria anayefundisha ushairi kwa sababu tu ana muda wa ziada, huyo sijui.

Mchora Kibao

Nimewasoma wote. Muuguzi amesema kitu ambacho sisi wengine tulikizunguka, nami nakishika hapo hapo.

Shahada ya sanaa inathibitisha kwamba mtu alisoma sanaa. Ule utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wa kurasimisha ujuzi, ambao fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti, unathibitisha kwamba mtu anaweza kazi. Ni utaratibu mzuri, nami namshauri Fundi wa Mwenge aufuatilie, walau wakose kisingizio cha "mfumo". Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachopima kama mtu anaweza kumsimamia dereva aliyechoka akajifunza bila kuaibika. Tunagombania karatasi mbili, na zote mbili hazijibu swali.

Na nchi hii si mgeni wa jambo hilo. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikapewa sheria yake 1975. Wakati ule waliowafundisha wazazi wetu kusoma chini ya miembe wengi hawakuwa walimu wa kusomea. Walikuwa makarani, vijana waliomaliza darasa la saba, watu wa kanisani na msikitini. Walichopewa ni semina fupi ya namna ya kukaa na mtu mzima. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufika 1975, kwa takwimu za serikali, walikuwa wamebaki takribani wawili katika kila watano. (Najua Mkaguzi atasema takwimu za serikali. Aseme.)

Pendekezo langu basi: anayetaka kufundisha watu wazima sanaa, awe profesa au mwandika mabango, apewe dakika 40 na wanafunzi halisi. Si maonyesho ya kazi zake, afundishe. Aulizwe pia kuhusu tina, vumbi na tanuri. Akipita, saa yake ilipwe sawa na ya mwenzake.

Mkaguzi Mstaafu

Sisemi kuhusu takwimu, nilikuwa mmoja wa vijana wale wa chini ya mwembe. Semina yetu ilikuwa fupi, lakini ilikuwepo, na hakuna aliyeruhusiwa kuiruka kwa sababu ana kipaji. Dakika 40 nazikubali. Malipo sawa sijaafiki: aliyelipa ada ya chuo miaka mitatu atairudishaje?

Fundi wa Mwenge

Na mimi miaka niliyokaa kwa mjomba bila kulipwa nitairudishaje?

Binti wa Malindi

Mmeanza tena. Swali langu ni jingine: kwenye hizo dakika 40, nani anakaa anatoa alama? Akikaa mwenye shahada peke yake, mzee wangu wa qanuni ataulizwa noti, ataondoka na hasira. Wakikaa wazee peke yao, kijana ataulizwa ni mtoto wa nani.

Muuguzi wa Zamu

Wekeni wanaolipa ada. Nusu ya jopo, si mmoja wa kupamba. Mimi Jumamosi ijayo sina zamu.