Nani agharamie njia inayokatiza shamba la jirani?

Swali: Ndugu zangu, shamba langu la Kiambu hufikiwa kwa njia ya mita 4 inayokatiza ardhi ya jirani, nayo imesajiliwa. Je, naweza kuimwagia changarawe bila idhini yake?

Jibu: Unaweza, mradi gharama ni zako na usivuke mita hizo, kwa kuwa anayenufaika na njia ndiye anayeitengeneza, mwenye ardhi halazimiki kutoa hata shilingi, isipokuwa hati inasema vinginevyo, ila naye haruhusiwi kukuzuia.

Jibu: Mtaro wako ukimwaga maji kwenye mahindi yake, utadaiwa fidia. Mwandikie mapema, maana kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi huweza kupita masika mawili.

Muulizaji: Ahsanteni. Barua nitampelekea mwenyewe.