Mjadala: Wa Nakuru arudi Vihiga kuhesabiwa?

Kila sensa ikikaribia, viongozi wetu wa magharibi huwahimiza watu wao walio Nairobi, Nakuru na Eldoret warudi kijijini wahesabiwe huko. Mwaunga mkono au mwapinga?

Mwana wa Emuhaya: Naunga mkono. Huyo wa Nakuru akifa atazikwa wapi? Kisha kuna mipaka ya maeneo bunge. Sensa ya 2019 iliipa Kaunti ya Vihiga watu 590,013, na tuna maeneo bunge 5: wastani wa 118,003. Nchi nzima, watu 47,564,296 kwa maeneo bunge 290 ni 164,015 kila moja. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaruhusu eneo la kawaida lipungukiwe kwa asilimia 30, yaani lisishuke chini ya 114,810. Tumebakisha kama elfu tatu tu!

Karani wa Sensa: Hesabu yako ni sawa, dawa ndiyo mbovu. Mtu huhesabiwa alikolala usiku wa sensa. 2019 ulikuwa Jumamosi tarehe 24 Agosti kuamkia Jumapili, lakini makarani waliendelea kupita hadi tarehe 31. Chukua familia ya watu watano wa Nakuru yenye nauli ya mtu mmoja. Baba analala kijijini, anaandikwa kwa mamake. Jumatatu yuko Nakuru, karani anabisha hodi, na mke kwa nia njema anamtaja. Kahesabiwa mara mbili. Asipomtaja, mke anaandikwa mkuu wa kaya, na kwenye takwimu tumezua familia isiyo na baba.

Eneo la kuhesabia hupangiwa kaya 100 hivi kwa wastani. Boma likifurika wageni, karani hana nafasi ya kumuuliza kila mmoja tarehe ya kuzaliwa. Anayejibiwa "weka kama arobaini" anaweka 40. Ndiyo maana umri unaoishia na 0 na 5 hujaa watu kupita kiasi, na hapo huwezi kujua ni watoto wangapi wataingia darasa la kwanza.

Mwana wa Emuhaya: Lakini tazama: wanawake 306,323, wanaume 283,678. Wanaume wetu wamemezwa na miji, na mgao wa fedha unafuata vichwa. Kanuni ya tatu ya mgao wa kaunti iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 18.

Afya Vijijini: Pengo hilo ndilo habari yenyewe, mbona mnataka kulifuta? Kijiji cha nyanya na wajukuu kinahitaji dawa za shinikizo la damu na chanjo. Kitengo cha afya ya jamii hukadiriwa kwa watu 5,000. Mkijaza wasafiri, mhudumu atapewa orodha ya nyumba zenye kufuli. Na huko Nakuru, mtoto wa huyohuyo msafiri atabanana darasani, kwa kuwa mtaa wao umeonekana mdogo.

Mwana wa Emuhaya: Tukipoteza eneo bunge je?

Karani wa Sensa: Wastani wenu bado uko juu ya 114,810, kwa hiyo matano yanawezekana bila basi hata moja kukodiwa. Eneo bunge la Hamisi lina watu wengi kuliko la Emuhaya. Andikeni memoranda kwa IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, wakati wa mapitio ya mipaka, mwambatishe ramani na idadi ya kila kata ndogo, mwonyeshe ni zipi za mpakani zinazoweza kuhamishwa. Ubishi wa kweli utakuwa huko, maana hakuna anayependa kuhamishwa.