Ufaransa wakibeba kombe, sisi Waafrika tunashangilia nini hasa?

Wakuu habari za saa hizi. Naleta hii mada maana kila Ufaransa wakicheza kelele ni zilezile, "timu ya Afrika hiyo", na mimi nilikuwa mpiga kelele namba moja. Julai 15, 2018 nilikuwa kibanda umiza, fainali na Croatia, Pogba kaweka la tatu kwa mguu wa kushoto, Mbappé kaja na la nne, banda zima tukapanda juu ya mabenchi, mzee mmoja pembeni yangu anapiga kelele "Afrika imebeba!" huku kahawa yake yote iko kwenye suruali yangu.

Baadaye Trevor Noah, yule mchekeshaji wa Afrika Kusini, naye akasema hivyohivyo kwenye kipindi chake, balozi wa Ufaransa kule Marekani, Gérard Araud, akamwandikia barua kwamba hawa ni Wafaransa basi, Noah akaisoma hewani na kumjibu kwamba mtu anaweza kuwa vyote viwili.

Siku hizi mimi niko upande wa balozi, tena sioni aibu. Kikosi kile wachezaji 23, waliozaliwa Afrika wawili tu, Mandanda wa Kinshasa na Umtiti wa Yaoundé. Mbappé ni dogo wa Bondy, sawa baba ana asili ya Kameruni na mama Algeria, lakini kaanza AS Bondy palepale mtaani kwao, akapita Clairefontaine, kituo cha kulea vipaji ambacho shirikisho lao la soka lilikifungua 1988. Sisi hapo tumechangia nini, hata mpira mmoja? Karibuni mnipinge.

---

Mleta mada unaanzia hadithi katikati. Hao wazazi walifikaje huko? Mchukue Rio Mavuba, baba yake alikuwemo kikosi cha Zaire Kombe la Dunia 1974, vita ya Angola ikawakimbiza, mtoto kazaliwa 1984 ndani ya boti baharini, hana nchi, kaja kuwa raia wa Ufaransa 2004 na akaichezea. Unaniambia huyo Afrika haihusiki? Halafu ona 2022, Coman na Tchouaméni wamekosa penalti fainali na Argentina, usiku uleule mitandaoni wanatukanwa rangi yao. Kwa hiyo wenzao wenyewe bado hawajakubaliana na balozi wako 😂

---

Mimi Mkongo, naomba niseme. Mnabishana juu ya waliochagua Ufaransa, waliotuchagua sisi mbona hamuwataji? Bakambu kazaliwa Vitry-sur-Seine, kabeba Euro ya U19 na Ufaransa 2010, mwaka 2015 akaja kwetu. Masuaku kazaliwa Lille. Wissa naye kazaliwa hukohuko Ufaransa. Nusu fainali ya AFCON, Februari 2024 na Ivory Coast, wimbo wa taifa unapigwa, vijana mkono mmoja wamefunika mdomo, mwingine wameweka vidole viwili kichwani kama bastola, ili dunia iangalie mauaji ya mashariki mwa Kongo. Tukafungwa 1-0 lakini nyumbani kwetu kule sebuleni hakuna aliyeongea, mama alikuwa analia kabla mpira haujaanza.

---

@mleta mada kwa hiyo Kolo Muani, wazazi Wakongo, ile fainali ya 2022, dakika ya 120 na ushee, pale Martínez kipa wa Argentina alipotoa mguu kuzuia shuti lake, ungekuwa balozi usingeruka? Acha uongo mkuu.

---

Mie nyie wote siwaelewi, 2025 Samatta kasaini Le Havre, nikaanza kuangalia ligi ya Ufaransa kwa mara ya kwanza maishani, hao PSG na hela zao za Qatar hawanihusu kabisa. Mtanzania wetu, mzaliwa wa hapahapa, hakuna cha asili wala babu.

---

Mleta mada narudi. Wa Kolo Muani umenikamata, niliruka, kidogo nimkanyage mtoto. Ila huyu ndugu yetu Mkongo kanipeleka sehemu sikuifikiria. Mimi hasira yangu ilikuwa kwamba tunadai kombe ambalo hatukulitolea jasho, kumbe wapo waliokuwa na uwezo wa kukaa kimya wavae jezi ya bluu na wakaenda kusimama na watu wao, na siku ile mimi sikuangalia hata mechi yao, nilikuwa nasubiri mkeka wa mechi za Ulaya. Swali kwako mkuu, hao kina Bakambu wakifika Kinshasa watu wanawachukulia kama wa nyumbani kweli au wanawaita wazungu?

---

Wakifunga ni wetu. Wakikosa tunawauliza kama wanajua Kilingala.