Mkanda wa jeshi kwa kijana wa miaka 24: dozi hii ya acyclovir ni sawa?

MkaaziKisauni
Asalaam aleikum jamani. Mdogo wangu wa kiume, miaka 24, dereva wa tuktuk. Ijumaa alianza kulalamika ubavu wa kulia unamchoma, na ngozi ukiitazama haina kitu. Jumapili vikatoka vipele vyekundu. Leo Jumatatu ni malengelenge ya maji yaliyoshikana vichala vichala, kuanzia mgongoni hadi chini ya titi. Duka la dawa wamempa acyclovir za 200, kimoja mara 5 kwa siku kwa siku 5, na krimu ya dawa hiyo hiyo. Dozi iko sawa? Kijana wa umri huu anaupataje mkanda? Mama mkubwa naye ameshika majivu, anasema ukizunguka ukakutana mtu hafiki kesho. Jingine: mkewe ana mimba ya miezi 7 na wanalala chumba kimoja.

DoziKamili
Waaleikum salaam dada. Hiyo dozi ni ya malengelenge ya mdomoni na ya sehemu za siri. Virusi vya mkanda ni vya ukoo huo huo, ila ni sugu zaidi kwa acyclovir, ndiyo maana vinataka dawa nyingi zaidi ndani ya damu. Mtu mzima mwenye figo zisizo na tatizo hunywa mg 800 mara 5 kwa siku, siku 7. Piga hesabu: vidonge vya 200 ni vinne kwa mara moja, jumla 140. Vya 400 ni viwili viwili, jumla 70. Vya 800 ni 35. Huyo ametoka dukani na 25 vya mg 200, yaani hata dozi ya siku mbili haijatimia. Kosa hili ni la kila siku, na mgonjwa hubaki akisema dawa haifanyi kazi.

Saa zenyewe: 12 asubuhi, 4 asubuhi, 8 mchana, 12 jioni, 4 usiku. Usiku wa manane haamshwi. Akiweza gharama, aulize valacyclovir: g 1 mara 3 kwa siku, siku 7. Ni ghali, lakini watu huimaliza, na ile ya mara 5 wengi huanza kuruka ya saa 8 siku ya tatu.

Aende leo akaandikiwe upya. Dawa hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, kwa hiyo kwake mwisho ni Jumatano. Muda ukipita na malengelenge mapya bado yanatoka, daktari huweza kumwanzishia vilevile. Krimu iwekeni kando, haifiki kwenye mshipa wa fahamu ambako virusi vinazaliana.

Na maji! Madereva wengi hukaa mchana kutwa bila kunywa ili wasitafute choo. Kwa joto la Mombasa na dozi hii, acyclovir huweza kuganda kama chembe ndani ya figo. Lita 2 hadi 3 kwa siku. Kwa sababu hiyo hiyo asijinunulie diclofenac wala ibuprofen ya kuchanganya. Aanze na paracetamol g 1 kila baada ya saa 6, isizidi g 4 kwa siku.

KlinikiMajengo
Naongezea hapo pa umri. Mkanda hauambukizwi kama mkanda. Ni virusi vya tetekuwanga aliyougua utotoni: mtoto hupona, virusi vikabaki vimelala kwenye vifundo vya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo. Kinga ikilegea, vinaamka katika mshipa mmoja na kushuka nao hadi kwenye ngozi. Ndiyo sababu maumivu hutangulia vipele, na ndiyo sababu mstari hukomea katikati ya kifua. Mshipa wa kulia unahudumia kulia tu. Kwa hiyo mwambieni mama mkubwa kwa adabu kwamba haukutani. Mara chache sana hutoka pande zote mbili, na hapo tunaulizana kuhusu kinga ya mgonjwa, si kuhusu kesho yake. Majivu, dawa ya meno na maji ya betri huacha kidonda chenye usaha na kovu ambalo mkanda wenyewe usingeacha.

Vijana wengi hatupati sababu yoyote. Hata hivyo kijana mwenye mkanda apimwe HIV. Ni bure kwenye vituo vya serikali. Mkanda si hukumu, wasio na HIV huupata pia, ila ni miongoni mwa dalili za mapema za kinga kushuka. Jibu likiwa hana na alikuwa kwenye hatari karibuni, arudie baada ya miezi 3. Apimwe na sukari, na aseme kama anatumia vidonge vya steroidi (navyo hushusha kinga), maana wengine hupewa kwa ajili ya pumu au mzio bila kujua ni nini.

Mambo ya kumkimbiza hospitali ya Makadara bila kungoja: vipele kwenye paji la uso, kope au ncha ya pua (jicho liko hatarini), sikio kuuma na uso kupinda, vipele kutawanyika mwili mzima, kichwa kikali na shingo kukaza, au kuchanganyikiwa.

MkaaziKisauni
Mungu awalipe. Usiku halali kwa maumivu, paracetamol haigusi.

DoziKamili
Maumivu hayo ni ya mshipa wenyewe. Mwambieni daktari, mara nyingi huandika amitriptyline mg 10 au 25 jioni. Haileti nafuu usiku wa kwanza, na asubuhi huacha usingizi mzito, kwa hiyo tuktuk isitoke hadi ajue inavyomkalia. Maumivu yakizidi miezi 3 ni ugonjwa mwingine wa kufuatilia, ingawa kwa umri wake ni nadra.

MuuguziLikoni
Kuhusu mke: muulizeni kama aliwahi kuugua tetekuwanga. Kama ndiyo, hana shaka kubwa. Kama hapana au hajui, aende kliniki ya wajawazito kesho, aeleze siku aliyokaa naye, apimwe damu. Asingoje vipele. Maji ya malengelenge ndiyo yenye virusi, na asiye na kinga akiyagusa hupata tetekuwanga, ambayo kwa mjamzito huweza kuingia mapafuni. Hadi jibu lirudi, mume alale kwingine, taulo na shuka zake zifuliwe kando.

Kidonda: kioshwe mara mbili kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato. Maji ya kisima yenye chumvi yatamchoma bure. Kikaushwe kwa kugusa, bila kusugua, kisha shashi ya kufungia kidonda iliyopakwa mafuta mazito ya Vaseline ili isinate, na fulana ya pamba iliyolegea. Kitambaa kilicholowa maji ya baridi dakika 15 hutuliza. Barafu isiguse ngozi. Asitumbue. Malengelenge hukauka kuwa magaga kwa siku 7 hadi 10, na yakikauka yote haambukizi tena.

Harufu, usaha au wekundu unaosambaa na homa mpya: hapo bakteria wameingia, arudi kliniki.